Kumbukumbu Aliyoitoa Detlef

Katika mji mdogo wa Obermühl, Ujerumani, kila mkazi akitimiza miaka sitini huipa makumbusho ya mji kumbukumbu yake moja. Akishaitoa, humtoka kichwani kabisa, pamoja na kisa chake chote.

Detlef alimwahidi mkewe, Mwanakombo, kwamba atatoa ile ya mafuriko ya utotoni mwake. Jumapili wakaenda pamoja makumbusho kuitazama ikioneshwa ukutani kama filamu.

Ukutani hapakuwa na maji. Mwanakombo alijiona mwenyewe enzi za ujana, amempakata Zuhra, binti yao aliyeishi majuma machache tu. Akaisikia sauti yake ikimbembeleza mtoto. Wageni wengine walikuwa wakitazama. Mama mmoja alikuwa akifuta machozi.

"Mume wangu, umefanya nini? Si ulisema mafuriko?"

"Mafuriko nayakumbuka vizuri," Detlef alijibu kwa mshangao. "Kwani nilitoa nini?"

Mwanakombo aligeuka kumtazama. Miaka yote walikuwa wakiubeba msiba ule pamoja, kumbe mwenzake alikwishautua bila hata kumwambia.

Detlef alisogea karibu na picha, akatabasamu.

"Huyu si wewe? Ulikuwa mrembo kweli," alisema. "Na huyo mtoto uliyempakata ni wa nani?"