Kopo Lililozikwa Kapata

Nilipouliza kopo liko wapi, mume wa Fidélie, mgonjwa wangu, alinionyesha tuta dogo la udongo mbichi nyuma ya nyumba yao ya Kapata, mtaa wa wachimba madini.

“Nilizika, mama. Ni mwili ya muke yangu. Haiwezi kusafiri mu bisi kama mihogo.”

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kuwaongoza wagonjwa wa saratani kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Siku tatu zilizopita, baada ya upasuaji, nilimkabidhi mwanamume huyo titi la mkewe ndani ya kopo lenye dawa ya kulihifadhi, alipeleke maabara Lubumbashi. Nilimwambia asichelewe. Sikumwambia kwa nini.

Sasa nilimwambia. Bila titi lile, daktari hatajua dawa ya kumpa mkewe. Nilisema kama mtu anayesoma orodha.

“Ulifungua kifuniko?”

“Hapana. Nilisali, nikafukia.” Basi dawa haikumwagika; titi bado lingeweza kupimwa.

Fidélie alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bandeji imevimbisha blauzi upande mmoja. Hakulia. Alimtazama mumewe, mchimbaji wa kobalti tangu ujana, ambaye sasa alikuwa ameficha mikono kwapani.

“Tata, bwana yangu, kila siku unachimbia batu bengine. Leo uchimbie miye.”

Mume hakusogea. “Kufukua maiti ni mukosi.”

“Miye niko maiti?”

Fidélie alisimama polepole, akaokota jembe kwa mkono mmoja, ule ambao bado uliweza kuinuka.