Sangara wa Ghubani

Wavuvi wa ndoano, waliovua kwa kujiburudisha, walikuwa wamemsihi Nyanzala asitege nyavu ghubani ili samaki wazaliane. Yeye aliwajibu kila mara, "Ninyi mnacheza, mimi nalisha mji."

Asubuhi hiyo wavu wake ulikuja mzito. Akaibuka sangara mrefu kumzidi yeye, jicho likimeta kama dhahabu, tumbo limejaa mayai. Tangu aanze uvuvi hakuwahi kuona kiumbe kama huyo.

Masalu, mvuvi wa ndoano aliyegombana naye juzi sokoni, akasogeza mtumbwi wake. Nyanzala alingojea matusi. Masalu akavua kofia.

"Dada, huyu nimemtafuta ujana wangu wote," alinong'ona.

"Basi mshike kichwa. Nisije nikamwumiza."

Nyanzala akachomoa kisu, akaanza kuukata wavu wake mpya. Uzi wa mwisho ulipoachia, sangara hakukimbia. Alitulia katikati ya mitumbwi miwili akipumua taratibu, mikono yao ingali mgongoni mwake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa mkono wake.