Kiatu Kimoja

Aikaruwa alikaa kizingitini, kiatu kimoja cha kupandia mlima amekificha chini ya kanga. Binti yake, Ndeshi, alisimama mbele yake na begi mgongoni, mguu mmoja una soksi tu.

"Mama, nipe kiatu changu. Nachelewa."

"Peke yako mlimani huendi. Kile kitabu changu ni uongo, mwanangu. Pale kwenye genge la mlima, nilipoandika kwamba hofu iliniisha nikajitambua, hakuna cha kujitambua. Nilikwama siku mbili. Nilijikojolea. Nililia mpaka watu wakaja kunishusha."

Kwa miaka ishirini hakuwahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo. Ndeshi alitabasamu.

"Sura ya tatu," alisema kwa upole. "Bibi alikufichia kiatu, akakutungia vitisho ili usiende. Ukaandika kwamba mama mwoga husema lolote."

Aikaruwa alikibana kiatu chini ya kanga. Sura hiyo nayo aliitunga. Marehemu mama yake hakuficha kitu. Alimbebea begi hadi njia panda, akamwombea safari njema. Lakini nani angemwamini sasa?

Sura ile inaisha binti wa kitabuni akiondoka pekupeku. Ndeshi aliinama, akavua na kile kiatu kingine, akakiweka kando ya mlango.

"Ngoja!"

Aikaruwa alikitoa kiatu. Akapiga magoti, akamvisha vyote viwili, akazikaza kamba. Alifunga fundo, akaongeza la pili, akaongeza la tatu.

"Inatosha, Mama," Ndeshi alisema.

Mikono ya Aikaruwa ilikuwa bado imezishika kamba.