Plasta ya Kisigino

"Usiivute!" mama alimaka, na mkono wa nesi ukabaki hewani.

Ilikuwa plasta ndogo tu, iliyobandikwa asubuhi kwenye kisigino cha kichanga baada ya kutolewa damu. Lakini mama huyu alikuwa na miaka sita ya kuogopa plasta. Binti yake wa kwanza, waliyembandika jina la Yai kwa jinsi walivyombeba, alizaliwa na ngozi inayochunika kwa kuguswa tu. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda, bandeji hadi viwikoni, akimkodolea macho mdogo wake.

"Mafuta kwanza, anti," Yai akamfundisha nesi. "Halafu unasubiri. Mimi huwa nahesabu mpaka mia, ila nikilia naanza upya."

Nesi akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mama aliushika mguu mwenyewe, akaukaza kwa kidole gumba usirukeruke, akadondosha mafuta. Yai akahesabu. Alipofika mia, plasta iliteleza yenyewe. Chini yake kisigino kilikuwa kizima, chekundu kidogo tu pale sindano ilipopita.

"Hongera, mama," nesi akasema. "Huyu ni mzima."

Mama akashusha pumzi ya miezi tisa. Akauachia mguu ili aubusu.

"Mama," Yai akasema polepole, "hapo ulipomshika."

Juu kidogo ya kifundo, ngozi ilikuwa imeanza kutunga maji, duara moja, la ukubwa wa kidole gumba cha mama.