Bibi Mcheshi

Binti, mwanafunzi wa chuo, alikuja na utafiti wake mpaka nyumbani kwa msimamizi wake, Maisaka, akitaka sahihi tu. Scholastica, mwalimu huyo, alipofika kwenye marejeo akakuta jina la mama yake mwenyewe mzazi. "Mahojiano ya ana kwa ana, Nakwa, mwezi uliopita."

Akarudi nyuma kutafuta nukuu. Eti mama anasema wanawake wa zamani walijifungua salama kwa sababu hawakuwa wavivu. Mama, aliyezalisha nusu ya Nakwa na kuzika waliomfia mikononi!

Jina hilo lilikuwa bado mtandaoni, chini ya picha ya zamani ya wakunga wa jadi. Binti alilizoa huko kama mtu anavyozoa taka.

"Huyu bibi ulimhoji mwenyewe?"

"Ndiyo, madam. Tuliongea mpaka jioni. Mcheshi huyo!" Macho makavu kabisa, na kalamu ameshaisogeza.

Scholastica akamwongoza hadi uani. Mwanamke mzee alikuwa akichambua mbaazi kwa mkono mmoja. Wa pili umelala mapajani kama si wake.

"Haya, msalimie mcheshi wako."

Binti akainama kidogo. "Shikamoo, bibi."

Mzee akainua uso. Midomo ikapinda, ute ukamchuruzika kidevuni, ukadondokea mbaazi. Sauti haikutoka. Haijatoka tangu apooze, huu mwaka wa tatu.

Scholastica akampangusa mama yake taratibu kwa ncha ya kanga.

"Subiri akuitikie marahaba," alisema bila kugeuka. "Akiitikia, nasaini."