Kadi Yetu Inachemka

Shoga yangu Mwanasha, sikia haya! Ile kadi ya grafiksi ya kompyuta za serikali tunayoilea, kama kila nyumba, imegoma kupoa. Ikipita digrii themanini na tano leo, tunakatiwa umeme, na insulini ya baba iko kwenye friji! Nimebadilisha feni, nimefunga kipoozi cha maji, hata umeme inaokula nimeupunguza. Wapi! Themanini na nne.

"Na diploma yako yote hiyo!" mama akanicheka.

Nikaiomba serikali ukaguzi. Jibu likaja palepale: kadi ni nzima, kipoozi kinafaa. Joto linatoka kwa watu wanne chumbani. Wabaki watatu.

Mama hakucheka tena. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kukunja nguo zangu, taratibu.