Dawa Iliyotuama

Kijiko kiligonga kikombe kabla hakujapambazuka. Kavetsa alikuwa akimchotea dawa mjukuu wake, ambaye kila akinyonya hutapika, hadi shingo yake imekuwa ya kifaranga.

Mlangoni akatokea sista wa kliniki ya Kawangware, jirani yao hapa mtaani Lindi, aliyepitia na yunifomu yake nyeupe kumjulia mtoto hali akienda kazini.

"Nyanya, mbona unampa maji matupu?"

"Si ndiyo dawa uliyotupa? Naiacha ituame chupani kama maji ya mtungi, namimina kikombeni safi ya juu. Uchafu naacha chini."

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. "Huo weupe wa chini ndio dawa! Ndio unaotuliza asidi tumboni."

Akaitikisa chupa, ikawa nyeupe kama uji.

Mtoto akanywa, mama yake akamnyonyesha. Kavetsa akamweka begani, juu ya leso iliyokakamaa kwa matapishi ya jana, akangoja ule uvuguvugu umteremkie mgongoni.

Mtoto akabeua kama mzee aliyeshiba, akalala. Bega likabaki kavu.

"Sista," Kavetsa alinong'ona, akicheka na machozi yakimtoka, "jioni upitie tena. Uje na hiyo yunifomu yako nyeupe, umbebe."